Karatasi Iandikwe Kabla Kijana Hajapotea

Kaunta ya kituo cha polisi ina maswali yake, na kutoka Mbagala, Dar es Salaam, hadi Githurai, Kenya, hayatofautiani sana. Anaitwa nani? Ana miaka mingapi? Ameonekana wapi mara ya mwisho? Amevaa nini? Ana alama yoyote mwilini? Mama aliyefika pale akihema, kanga imefungwa juu ya nguo ya kulalia, anajibu kama wanavyojibu wengi: ana urefu wa kawaida, ni maji ya kunde, amevaa fulana na suruali, fulana nadhani ya bluu, au ile ya kijani, sikumwangalia vizuri alipotoka. Askari anaandika yote. Akimaliza, maelezo hayo yanamfaa karibu kila kijana aliyepanda daladala asubuhi ile.

Mama huyo hakukosa habari za mwanawe. Anajua kwamba hali wali uliomwagiwa mchuzi, kwamba akisikia honi ya treni hukimbilia inakotokea, kwamba ukimwita kwa jina la shuleni hageuki lakini ukimwita Babu, kama wanavyomwita nyumbani, anakuja. Hakuna aliyemuuliza hayo, naye kwa hofu aliyokuwa nayo hakuyakumbuka. Na hayo ndiyo yangemwonyesha anayemtafuta pa kuanzia.

Ushauri wangu ni kwa wazazi, walezi na walimu wenye kijana ambaye akipotea hawezi kujieleza wala kujilinda: mwenye usonji, mwenye ulemavu wa akili, mwenye kifafa, anayeugua ugonjwa wa akili, kiziwi ambaye hakupelekwa shule. Nawaangalia zaidi waliokwisha kukua, kwa sababu hao ndio wanaosahaulika. Mtoto wa miaka 5 akionekana analia stendi, kina mama lishe watamzunguka na mtu atamnunulia andazi. Kijana wa miaka 19 mwenye ndevu akiingia uani kwa watu bila kubisha hodi, akafunua sufuria, akaulizwa asijibu, ataitiwa mwizi. Sote tunajua kinachofuata kelele hiyo ikishapigwa mtaani. Kwa kijana wa namna hii, taarifa iliyowahi kufika kwa majirani, kwa bodaboda na kwa mwenyekiti wa mtaa yaweza kumwokoa na kipigo kabla hata haijamrudisha nyumbani.

Wazo la kuandika mapema si geni. Uingereza polisi wana fomu inayoitwa Herbert Protocol, iliyoanzia Norfolk. Imepewa jina la George Herbert, askari wa zamani aliyeshiriki kutua Normandy mwaka 1944, ambaye uzeeni alipata ugonjwa wa kusahau. Alitoroka mara kadhaa kwenye makao ya wazee, na safari ya mwisho alifariki akiitafuta nyumba aliyokulia. Fomu hiyo hujazwa na familia siku mtu akiwa bado yupo, ikawekwa nyumbani, na siku akipotea inakabidhiwa kwa askari. Ilibuniwa kwa ajili ya wazee, lakini mantiki yake inamfaa kijana vilevile. Huna haja ya kungoja mtu akuletee fomu. Karatasi, kalamu na simu yenye kamera zinatosha, na kazi yenyewe ni ya jioni moja.

Anza na mahali anakopenda kwenda. Watu wengi huanza na sura, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa kwanza, lakini sura humsaidia mtu ambaye tayari amemwona. Ambaye hajamwona anahitaji kujua aelekee wapi. Andika kila mahali kijana wako alipowahi kuishi, hata kama mlihama akiwa na miaka 6, kwa maana wapo wanaorudi nyumba ya zamani wakagonga mlango wa mpangaji asiyewajua. Andika shule aliyowahi kusoma, nyumba ya bibi, duka anakopewa pipi, kanisa au msikiti, kiwanja anakoangalia mpira. Andika vitu vinavyomvuta hata pasipo na mahali maalumu: mashine ya kusaga, muziki wa harusi, matrekta, kuku, feni, moto wa takataka. Halafu andika anachokikimbia, maana kijana anaweza kuondoka si kwa kufuata kitu bali kwa kukikimbia: baruti za mwaka mpya, mbwa wa jirani, ugomvi wa wazazi, kunyolewa.

Kisha andika maji. Kama kuna mstari mmoja tu utakaouandika kutokana na makala hii, uwe huo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 katika jarida la Pediatrics, uliohusu watoto zaidi ya 1,200 wenye usonji, ulikuta kwamba karibu nusu yao waliwahi kujaribu kutoroka angalau mara moja baada ya kutimiza miaka 4. Wanaokufa katika kutoroka huko, wengi hufa maji. Huko New York, Oktoba 2013, Avonte Oquendo, mvulana wa miaka 14 asiyeweza kusema, alitoka kwenye mlango wa shule yake katika eneo la Queens. Alijulikana kwa kupenda treni, kwa hiyo mahandaki na vituo vya treni vilipekuliwa sana, na magari ya polisi yalizunguka yakipiga kwa vipaza sauti rekodi ya sauti ya mama yake. Shule ile ilikuwa kando ya mto. Mabaki yake yalipatikana majini Januari 2014. Miaka minne baadaye Marekani ilipitisha sheria yenye jina lake na la mtoto mwingine aliyezama, Kevin, ya kusaidia jamii kujiandaa kwa matukio ya namna hii.

Kwetu maji hayana uzio. Kuna visima vilivyofunikwa kwa bati, mashimo yaliyoachwa na wachimba mchanga yakajaa mvua, mitaro, mabwawa ya kumwagilia, mito inayokatiza mitaa, na kwa wa pwani kuna bahari yenyewe. Tembea kwa miguu kuzunguka nyumba yako, dakika 20 kila upande, ukaorodheshe maji yote unayokutana nayo. Siku akipotea, watu wawili wenye miguu mepesi waende huko kabla ya kwenda popote pengine. Hata kama unaamini hapendi maji.

Kwa wanaoishi mijini kuna jambo la usafiri. Konda wa daladala hamuulizi abiria anakwenda wapi. Anadai nauli baadaye, na kijana aliyekaa kimya dirishani anaweza kufika mwisho wa gari bila mtu kumgundua. Dar es Salaam daladala zina mistari ya rangi kulingana na njia, na wapo vijana wasiojua kusoma ambao wanaitambua rangi ya mstari barabara kuliko mzazi. Kwa hiyo orodhesha magari yote yanayopita kituo chenu na mwisho wa kila moja: Kariakoo, Mwenge, Tegeta, Gongo la Mboto. Ukiwa na orodha hiyo, unaweza kupiga simu au kutuma mtu kila mwisho wa gari badala ya kuzunguka ovyo na pikipiki. Kama anapenda mabasi makubwa, ongeza Stendi ya Magufuli pale Mbezi. Makonda, wapiga debe na wauza maji wa stendi wana macho makali kuliko wengi wetu; tatizo ni kwamba huwa hawaambiwi mapema.

Sehemu ya pili ya karatasi ni ile inayomfundisha mgeni. Atakayemwona kijana wako pengine hajawahi kukutana na mtu mwenye usonji, na ana sekunde chache za kuamua amkaribie au amkwepe. Mweleze atakachokiona kwa macho yake, na afanye nini. Nitaandika mfano wa kubuni, jina na kila kitu, uone ninamaanisha nini:

"Anaitwa Sudi, nyumbani tunamwita Babu na ndilo jina analoitikia. Ana miaka 17, ni mrefu, ukimwona utadhani ana 20. Anasikia vizuri lakini hawezi kujieleza. Ukimuuliza swali atarudia neno lako la mwisho. Hiyo si dharau. Anatembea kwa ncha za vidole na hupeperusha mikono akifurahi. Haangalii mtu usoni. Anaingia nyumba za watu kutafuta feni, haibi. Usimshike mkono wala kumzunguka watu wengi, ataogopa na anaweza kuuma au kukimbilia barabarani. Simama pembeni, mwite Babu, mwambie 'twende kwa mama', tembea taratibu mbele yake, atakufuata. Soda ya machungwa ataipokea. Anaogopa mbwa. Anapenda maji na hajui kuogelea. Ana kifafa, anameza dawa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku."

Hapo hapakuandikwa popote kwamba ana matatizo ya akili. Maneno hayo ndiyo yanayojaza matangazo yetu, na sioni yanamsaidia nani. Msomaji akiyaona anafikiria mtu atakayemrushia mawe. Anavuka barabara, au anawaita vijana waje na kamba. Lakini akiambiwa kijana anatembea kwa ncha za vidole na anatafuta feni, atamtambua hata kwa mgongo.

Kwa kiziwi, andika kama anajua lugha ya alama ya shuleni au anatumia ishara za nyumbani tu. Kama ni za nyumbani, chora au piga picha tatu zilizo muhimu: mama, nyumbani, chakula. Familia nyingi zina ishara zao ambazo hakuna mwalimu anayezijua, na mtu akimwonyesha kijana ishara ya mama yake atatulia mara moja. Vivyo hivyo kwa lugha. Kuna vijana waliolelewa na bibi Shinyanga wanaoelewa Kisukuma tu, na mjini wanadhaniwa hawasikii.

Sasa ndiyo tuje kwenye picha. Zinatakiwa mbili: ya uso, mchana, bila kofia wala vikolombwezo vya simu vya kulainisha ngozi, na ya mwili mzima akiwa amesimama kama anavyosimama siku zote. Usichague picha ya Idd au ya kipaimara aliyovalishwa suti. Hakuna atakayemkuta amevaa hivyo. Usichague ya sare za shule pia, kwa kuwa tangazo litakapozagaa litamwonyesha kila mtu anakosoma. Ongeza video fupi, sekunde 10 zinatosha, akitembea kuelekea kwako na akirudi. Mwendo wa mtu unajulikana kwa mbali, kabla uso haujaonekana. Piga picha makovu, chale, jino lililovunjika, kidole kilichopinda, kila kimoja peke yake, na karibu yake uweke kitu cha kupimia ukubwa, mathalani sarafu. Urefu wake uweke alama kwenye fremu ya mlango, halafu upime kwa futikamba. Piga picha na soli za viatu anavyovivaa sana, hasa mkiwa kijijini, ambako wafugaji na wawindaji bado wanasoma nyayo vizuri sana.

Kama ana mazoea ya kutoka, mpige picha kila asubuhi akiwa tayari amevaa, mlangoni, ukafute ya jana. Swali la amevaa nini litakuwa limejibiwa kwa siku zote.

Kuhusu dawa, usitegemee kumbukumbu. Piga picha boksi na kadi ya kliniki ili jina na kipimo vionekane, kisha andika kitakachotokea akikosa dozi moja na akikosa mbili. Mwenye kifafa aliyekosa dawa anaweza kuanguka mahali ambapo watu bado wanaamini povu lake linaambukiza, wakamwacha palepale juani. Andika kwa herufi kubwa: kifafa hakiambukizi, mlaze ubavu, ondoa vitu vyenye ncha, usimtie kijiko mdomoni, kikizidi dakika 5 mkimbize hospitali.

Yupo pia kijana ambaye haonekani kuwa na shida yoyote. Anaongea vizuri, anacheka, anasalimia wakubwa, lakini uelewa wake ni wa mtoto wa miaka 8 na anamfuata yeyote mwenye maneno matamu. Mara nyingi ni binti. Huyu hapotei kwa kufuata feni. Anapotea kwa kuahidiwa kazi ya ndani, simu mpya au ndoa. Kwake karatasi inabadilika. Waandike watu anaowataja, hata wale mnaowapuuza: kaka wa saluni, dada wa Fesibuku, mjomba wa rafiki yake. Kama ana simu, bonyeza *#06# zitokee tarakimu 15 za utambulisho wa simu hiyo, uziandike, na uandike laini imesajiliwa kwa jina la nani. Jua akaunti anazotumia kwa majina yake yote. Mzazi mmoja akiniambia kwamba huko ni kumpeleleza mtoto, nitamwambia ndiyo, kwa huyu inabidi, na binti mwenyewe aelezwe kwamba inafanyika na kwa nini.

Yote haya yaingie ukurasa mmoja, mbele na nyuma, kwa mwandiko unaosomeka. Toa kopi steshenari, uipige lamineshini au uitie kwenye mfuko wa plastiki. Moja ikae nyumbani mahali panapojulikana na kila mtu, dada wa kazi akiwemo. Moja apewe jirani anayeshinda nyumbani, moja mwalimu, moja mwenyekiti wa serikali ya mtaa au balozi, kwa Zanzibar sheha, kwa Kenya chifu au mzee wa nyumba kumi. Kwenye simu iwepo pamoja na picha na video, na ndugu mmoja anayeishi mkoa mwingine awe nayo, kwa sababu simu ya mama ndiyo inayoishiwa chaji siku hiyo. Ibadilishe kila shule zinapofunguliwa. Vijana hurefuka upesi.

Nenda pia ukamtambulishe kwa miguu. Mchukue jioni mpite naye kijiwe cha bodaboda, dukani, kwa fundi pikipiki, kwa mlinzi wa geti la pale kona. Waambie huyu ni mwanangu, anaitwa hivi, mkimwona peke yake nipigieni. Familia nyingi bado zinamficha kijana wa namna hii ndani kwa aibu, na matokeo yake ni kwamba mtaa mzima haujui kama yupo. Siku akitoka ni mgeni nyumba ya tatu kutoka kwao. Hakuna tangazo litakalofuta hasara hiyo.

Namba ya simu imfuate mwilini. Bangili zipo, ila wapo wasiozivumilia. Kwa hao andika namba mbili kwa kalamu isiyofutika upande wa ndani wa pindo la shati na wa kiuno cha suruali. Jina usiliweke nje panapoonekana. Mtu mwenye nia mbaya akilisoma atamwita kwalo, na kijana atadhani wanajuana.

Kuna nyaraka ambazo ni vyema ziwe tayari. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kama ilivyo ya Kenya, inamhesabu kuwa mtoto aliye chini ya miaka 18. Akivuka hapo, taarifa yake inaweza kuandikwa kama ya mtu mzima aliyeondoka kwa hiari yake, na askari aseme labda yuko kwa rafiki. Kinga ya jambo hilo ni barua ya daktari au ya ofisa ustawi wa jamii inayosema wazi kwamba hawezi kujihudumia wala kujieleza. Kwa Kenya kuna na kadi ya usajili wa watu wenye ulemavu ya NCPWD. Na kwa Tanzania, akitimiza miaka 18 mpeleke NIDA akaandikishwe kitambulisho cha taifa hata kama hajui kuandika jina lake. Alama za vidole zikiwa kwenye kumbukumbu, polisi wa mkoa wa mbali wana pa kuanzia kumtambua mtu asiyesema.

Siku yenyewe ikifika, gawaneni. Mmoja abaki nyumbani na mlango wazi, maana wengi hurudi wenyewe na kukuta pamefungwa. Wawili majini, kama nilivyosema. Mmoja polisi na karatasi mkononi. Msisubiri. Ile habari ya kwamba lazima zipite saa 24 isikuzuie, hata ikisemwa na mtu aliyevaa sare. Kwa mtoto, na kwa mtu asiyeweza kujilinda, saa za kwanza ndizo zenye faida. Omba kuonana na Dawati la Jinsia na Watoto kama kituo kinalo, na usiondoke bila namba ya taarifa yako, yaani RB, au OB ukiwa Kenya, pamoja na jina na simu ya askari anayeshughulikia. Ombeni msikiti na kanisa vitangaze. Kama mlirekodi sauti ya mama ikimwita, mpeni mwenye gari la matangazo aipige. Kijana aliyejificha vichakani hatatoka kwa sauti ya mgeni. Hospitali nazo zizungukiwe, mkitaja makovu na maumbile badala ya jina, kwa kuwa asiyesema huandikwa kama asiyejulikana.

Tangazo la mtandaoni si ile karatasi. Karatasi ni ya polisi na ya watu mnaowaamini. Tangazo linasomwa na kila mtu. Kwenye tangazo weka picha, jina analoitikia, nguo, mahali na saa alipoonekana, jinsi ya kumkaribia, namba mbili za simu na namba ya RB. Weka tarehe kamili pamoja na mwaka, na iandikwe juu ya picha yenyewe, kwa sababu maneno ya chini hukatwa yanaposambazwa. Matangazo yanayosema amepotea jana huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp miaka mitatu. Usiandike nyumba mnayoishi, usiandike kwamba ana dawa ghali, wala usitaje kiasi cha zawadi.

Na alama moja mwilini mwake ifiche. Kovu la gotini, baka la mgongoni, chochote ambacho hakionekani pichani. Namba yako ikishaenea, watapiga matapeli. Yuko na mimi Chalinze, tuma nauli elfu hamsini nimpandishe gari. Mzazi aliyekesha atatuma bila kufikiri. Kwa hiyo simu ya tangazo asiishike mama. Aishike mtu mwenye moyo mgumu kidogo, mwenye daftari, anayeandika kila namba na kila saa, na kila anayepiga aulizwe alama ile. Aliye naye kweli ataangalia akujibu. Tapeli atakasirika.

Kijana mwenye ualbino ana hesabu yake. Kwa historia ya ukatili tuliyonayo, hasa Kanda ya Ziwa, kupotea kwake kusichukuliwe kuwa ni kutangatanga hadi ithibitike hivyo. Polisi waarifiwe ndani ya dakika, si saa, na polisi ndio waamue kipi kitangazwe.

Akipatikana, mpe maji na chakula, umpeleke hospitali hata kama anaonekana mzima. Kama kuna hofu ameingiliwa, asiogeshwe kwanza wala nguo zisifuliwe. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Mwambie daktari wazi unachohofia, kwa sababu yeye mwenyewe hataweza kusema. Halafu rudi ulikotangaza ukaandike amepatikana, ufute picha zake, uwaombe wenye makundi wafute, uwajulishe polisi wafunge taarifa. Ana haki ya kupita mtaani bila uso wake kujulikana kwa bahati mbaya yake. Mwisho, chukua ile karatasi uandike alikokutwa na njia aliyopitia, kwa kuwa anayetoka mara moja mara nyingi hurudia njia ileile.

Na wewe usiye na kijana wa namna hii nyumbani, una sehemu yako. Ukimkuta mtu amekaa mwisho wa gari tangu asubuhi, au ameingia uani kwako na hasemi, usipige kelele na usiwaache wenzako wapige. Mpishe asogee kivulini, angalia pindo la shati lake kama kuna namba, mwite mwenyekiti wa mtaa au polisi. Tanzania, Bara na Visiwani, na Kenya pia, simu ya kusaidia watoto ni 116, na kuipiga hakuna malipo.